Makande Si Chakula cha Unyonge

Katika kliniki zetu, mgonjwa mwenye unene uliopitiliza huambiwa azingatie mlo bora, kisha hurejea nyumbani akiamini kuwa mlo huo huuzwa madukani kwa bei asiyoimudu. Makande, mchicha na ndizi za kupika huvihesabu kuwa vyakula vya wasio na uwezo. Kwa maoni yangu, kosa hilo ni letu watoa huduma kabla ya kuwa lake.

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya njema. Wanavijiji waliozoea mlo wa asili walipewa mlo wa kimagharibi kwa majuma mawili. Viashiria vya mchochota katika damu yao viliongezeka, na uwezo wa chembe za kinga kukabili vimelea ukapungua. Wakazi wa mjini waliohamia mlo wa asili walipata matokeo kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalidumu hata majuma manne baadaye.

Utafiti huo haukupima saratani. Hata hivyo, mchochota wa muda mrefu ni mojawapo ya njia ambazo mafuta yaliyozidi mwilini huchochea ugonjwa huo. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilihusisha unene na aina 13 za saratani, zikiwamo za utumbo mpana na za matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa zina nyuzinyuzi zinazoshibisha na kuulinda utumbo.

Lakini si kila cha asili ni salama. Mahindi na karanga zilizoota ukungu huweza kubeba sumukuvu isababishayo saratani ya ini. Mbege nayo, ijapokuwa katika utafiti huohuo iliambatana na kupungua kwa mchochota, ni pombe, na pombe huongeza hatari ya saratani. Urithi tuuchambue kama tuchambuavyo mchele.

Mhudumu mwenzangu, kabla ya kumkabidhi mgonjwa orodha ya makatazo, muulize nyumbani kwao hupikwa nini, kisha mjenge ushauri juu ya jibu lake. Nawe ndugu mgonjwa, usiache dawa zako, wala usikionee haya chungu cha makande.