Mashauri kwa Wafugaji: Mtoto wa Mbwa Mwenye Shauri Lake

Katika maboma mengi ya Roret, mtoto wa mbwa huja nyumbani bila mashauri marefu. Mbwa wa jirani amezaa, jirani ametoa mmoja, na watoto wa nyumba wamefurahi. Miezi sita ikipita, malalamiko huanza. Mbwa akiitwa haji. Humtazama mwenyewe kwa utulivu, kisha hugeuka akaenda njia yake. Kuku hawana raha, na wachuma chai wanaopita asubuhi hushika mawe mikononi. Mwenye mbwa husema, "Mnyama huyu ni mjinga," naye huchukua fimbo. Leo twataka kuonyesha kwamba mbwa huyo si mjinga hata kidogo, na kwamba fimbo humzidishia kasoro badala ya kumwondolea.

Yafaa kwanza tujue asili ya tabia hii. Wako mbwa ambao kwa vizazi vingi walichaguliwa kwa sababu moja, yaani kumwangalia mchungaji na kumtii papo hapo. Mbwa wachungaji wa Uskoti ni wa namna hiyo. Wengine walipewa kazi iliyowataka waamue wenyewe. Mfano mwema ni basenji wa Kongo, mbwa mdogo mwenye mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine bali hutoa sauti iliyo kama wimbo. Katika misitu ya Kongo mbwa wa jinsi hii huvishwa njuga ya mti shingoni, akatangulia mbele kuwakurupusha wanyama mpaka kwenye nyavu za wawindaji. Huko msituni bwana wake hamwoni, wala hawezi kumwamuru kila hatua. Mbwa ambaye angengoja kuambiwa asingefaa kitu. Mabasenji walifika Uingereza na kuonyeshwa huko mwaka 1937, na tangu hapo wafugaji wa Ulaya na Marekani wamesema neno moja: ni mwerevu sana, lakini hutii akiona faida. Tena mwaka 2021 wataalamu walichapisha uchunguzi wa urithi wa damu yake, wakaona kwamba ukoo wake ulijitenga mapema na koo nyingine za mbwa wafugwao siku hizi.

Mbwa wetu wa kienyeji si basenji, lakini kwa tabia hawako mbali. Hakuna mtu aliyekaa akamchagulia mume au mke kwa ajili ya utii. Aliyebaki hai ni yule aliyejua kujitafutia chakula, kukwepa chui na gari, na kujua nani rafiki na nani adui. Mbwa wa namna hiyo hauliza, "Bwana anataka nini?" Huuliza, "Jambo hili lina faida gani kwangu?" Mfugaji mwenye busara hulijibu swali hilo, wala halikasirikii.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa, ubichi huo ni mfupi mno. Tangu juma la 3 mpaka kama juma la 14 la maisha yake, mtoto wa mbwa hujifunza ni vitu gani vya dunia asiviogope. Baada ya hapo mlango huanza kufungwa. Basi usimtoe kwa mama yake kabla ya juma la 8, maana mama na ndugu humfundisha kuuma kwa kiasi. Lakini akisha kufika kwako, usipoteze siku. Mwonyeshe watoto, wazee, ng'ombe, kondoo, na pikipiki. Hasa mwonyeshe wachuma chai katika mavazi yao ya kazi, wenye vikapu mgongoni na nailoni kiunoni, maana mtu wa namna hiyo akionekana mara ya kwanza ukungu wa asubuhi umetanda huweza kumtisha mbwa aliyekomaa. Mwombe mchumaji ampe kipande kidogo cha chakula. Mbwa aliyelishwa na wapitao njia hana sababu ya kuwaogopa, na mbwa wengi waumao huuma kwa hofu.

Mafunzo yenyewe hayahitaji mambo makubwa. Mpe jina fupi, na nyumba nzima ilitumie hilo hilo. Kadhalika amri ziwe chache, kwa lugha moja na neno moja. Baba akisema hivi kwa Kipsigis na mtoto akisema vingine kwa Kiswahili, mbwa ataona kwamba maneno ni kelele tu. Mwite kabla ya kumpa chakula, na kila akija mpe kitu na umsifu. Usimwite kamwe ili umpige au umfunge, kwa maana mbwa mwenye akili huhesabu. Akiisha kuja mara mbili akapata adhabu, mara ya tatu hatakuja. Dakika 5 mara tatu kwa siku zatosha, na ziishe angali anataka kuendelea.

Habari za haja yake nazo ni rahisi. Mtoe nje kila amkapo, kila alapo, na kila amalizapo kucheza. Akijisaidia mahali pake, msifu pale pale. Kumsugua pua katika uchafu hakumfundishi ila kujificha. Akiuma mkono katika mchezo, mchezo ukome, uondoke.

Kuku na kondoo wafundishwe kwa kamba. Mtembeze karibu nao kila siku akiwa amefungwa, na kila anapogeuza macho kukutazama wewe, mtuze. Usimfungue kwa kujaribu bahati. Kufukuza ni tamu kuliko tuzo lolote ulilo nalo mkononi, na mbwa aliyeonja utamu huo mara moja ataukumbuka daima. Lakini kamba ya mafunzo si mnyororo wa maisha. Mbwa afungwaye mchana kutwa huwa mkali pasipo busara, na siku atakapokatika ni mtoto wa shule atakayelipa.

Kuhusu chakula, mpe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku: uji au ugali wenye maziwa, dagaa, yai, au nyama iliyopikwa. Usimpe matumbo na maini mabichi ya machinjo, maana humo mna minyoo ambayo huingia katika mbwa, kisha mayai yake huweza kumdhuru hata mwanadamu. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika kama kigae, usimpe. Dawa ya minyoo apewe tangu utoto kwa shauri la daktari wa mifugo.

Lililo kubwa kuliko yote ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Apigwe sindano afikapo miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka, na cheti kihifadhiwe. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kuona kama ataugua. Dalili zikiisha kuonekana, ni nadra sana mtu kupona.

Mwisho, mfugaji asitazamie kumgeuza mbwa huyu awe mtumwa. Hata akifundishwa vema, zitakuwako siku atakapotulia kwanza, akafikiri, ndipo aje. Uvumilie. Akili hiyo hiyo inayomchelewesha mchana ndiyo itakayompambanulia usiku, wakati wewe umelala, nyayo za jirani na nyayo za mwizi.