Chakula cha abiria: tupikie saa ya kula, si saa ya kupika

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, wiki hii siandiki kuhusu viwavijeshi vamizi wala bei ya mahindi. Naandika kuhusu sanduku la chakula. Najua wapo watakaosema afisa ugani ameishiwa mada. Vumilieni kidogo, maana ndani ya sanduku hilo kuna maharage yenu.

Nilipokuwa Japani kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga, Jumamosi moja tulipewa mapumziko. Wenzangu walikwenda kutembea madukani Tokyo. Mimi nililipa yeni 6,000, ambazo kwa hela yetu zilikaribia laki moja, nikaenda kwenye darasa la kupika bento. Mwenzangu mmoja wa Morogoro alinicheka wiki nzima: mwanamume mzima unalipa laki ufundishwe kupika wali! Bento ni chakula cha mchana ambacho Wajapani hufunga asubuhi kwenye sanduku dogo, kikaliwa baridi kazini, shuleni, shambani au kwenye treni.

Darasa lenyewe lilikuwa jikoni kwa mama mmoja, nyumbani kwake. Tulikuwa watu 6, kila mmoja na ubao wake na kisu chake. Hakuna aliyekaa kutazama. Tulikunja mayai kwenye kikaangio kama mkeka unavyokunjwa, tukakaanga vipande vya kuku, tukachemsha mboga za majani kisha tukazikamua kwa mikono mpaka maji yakaisha kabisa. Nilidhani nimekamua vya kutosha. Mama akachukua fungu langu, akalibana mara moja, yakatoka maji nusu kikombe.

Halafu ikaja sehemu iliyonifanya niandike leo. Wali ulikuwa umeiva, nimeupakia vizuri, nikataka kufunika. Mama akanishika mkono. Akaeleza kupitia mkalimani kwamba ukifunika chakula cha moto, mvuke unapanda, unageuka maji kwenye kifuniko, unadondokea chakula, na kufika mchana kimeshaharibika. Wali ulitandazwa kwanza, ukapepewa, ukapoa. Kila kitu kilipoa kabla ya kuingia sandukuni. Katikati ya wali tukaweka tunda dogo chachu lililokolezwa chumvi, wanaliita umeboshi, ambalo wazee wao wamelitumia miaka mingi kwa ladha na kuzuia chakula kisichache upesi. Chumvi na viungo tuliongeza kidogo kuliko kawaida, kwa sababu chakula kikipoa ulimi hausikii ladha vizuri.

Na hatukula palepale. Alitufungia, akatutoa nje, akasema tule saa sita na nusu. Tulikaa kwenye bustani tukafungua. Kilikuwa baridi na kilikuwa kitamu.

Sasa twende stendi ya Sumbawanga saa 11 alfajiri. Basi la Mbeya na la Dar yananguruma, baridi ya Ufipa inakata masikio, mama lishe wetu wameamka saa 8 usiku. Wali wa moto, maharage yenye mchuzi, vyote vinatiwa kwenye kontena la plastiki, kifuniko kinabanwa, mvuke umejaa ndani. Abiria anapokea, anashukuru kwa sababu kinampasha mikono, anaweka mapajani. Halafu halii. Nani anakula wali saa 11 alfajiri? Anafungua saa 4 au saa 5, karibu na Tunduma, wali umelowa, maharage yana povu na harufu ya kuchacha. Mwaka jana nilisafiri na kijana aliyekula chakula cha namna hiyo. Sitasema basi gani wala alinunua kwa nani. Dereva alisimama mara 4 kabla hatujafika Mbeya.

Msimamo wangu ni huu: mama lishe wetu wanajua kupika sana, pengine kuliko yule mama wa Japani. Kosa ni kwamba tunapika chakula cha kuliwa sasa hivi, halafu tunamuuzia mtu atakayekula baada ya saa 5. Hiyo ni bidhaa isiyo sahihi kwa mteja huyo, hata kama iliivishwa vizuri. Na abiria amejifunza. Siku hizi ananunua biskuti na soda iliyotoka Dar, hela inapanda gari na kurudi ilikotoka.

Babu zetu Wafipa walilijua jambo hili kwenye kilimo. Nyasi zinazofukiwa kwenye matuta ya ntumba hazifukiwi kwa ajili ya leo. Zinaozeshwa humo ili msimu unaofuata tuta lipasuliwe na zao likute mbolea tayari. Mkulima anafanya kazi ya leo akitazama siku ya kutumika.

Huko Japani vituo vya treni vina bento zake, na mara nyingi kila kituo kinauza kile ambacho eneo lake linacho. Kituo cha Mori, kisiwa cha Hokkaido, kinajulikana kwa ngisi aliyejazwa wali. Chakula hicho kilianza 1941, wakati wa vita, mchele ulipokuwa haba na ngisi wapo tele. Ngisi alijaza tumbo la abiria, mchele ukatosha kidogo tu. Umaskini wa mchele ndio uliowapa jina mpaka leo.

Kituo cha Yokokawa nacho kina kisa ambacho wafanyabiashara wa pale Laela wangekifikiria. Kilikuwa chini ya mlima mkali. Kila treni ilisimama pale kuongezewa vichwa vya kuisukuma kupanda, na abiria wakapata muda wa kununua. Mwaka 1958 duka la pale likaanza kuuza wali wenye kuku na mboga ndani ya chungu kidogo cha udongo. Ukapendwa nchi nzima. Lakini wenye duka hawakukaa kusubiri treni peke yake. Magari yalipoongezeka wakafungua mgahawa kando ya barabara, na 1997 reli ile ya mlimani ilipofungwa, biashara haikufa. Sisi tulipopata lami mpaka Tunduma, mabasi yaliyokuwa yakikwama na kulaza abiria yakaanza kupita mbio. Lami ni neema, sina neno. Ila aliyekuwa akiuza kwa abiria aliyekwama hana budi kubadilisha bidhaa, kwa sababu sasa ana dakika 3 dirishani.

Basi tuweke nini kwenye sanduku la Rukwa? Hapa nitatofautiana na wanaotaka kuiga kila kitu. Wali ndio ningeuacha. Najua bonde la Ziwa Rukwa linalima mpunga mzuri na wenye mpunga watanikasirikia. Lakini kwenye mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu anazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha tena. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida. Kama ni cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, kama ni cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5. Yule mama alikuwa na jikoni safi, friji, na mteja wa kula mchana huohuo. Sisi tuna basi lililofungwa madirisha na kuku chini ya kiti. Kwa hiyo wali uuzwe wa kula palepale stendi. Anayesisitiza kuubeba aambiwe kwa mdomo: mama, huu uliwe kabla ya Laela.

Kinachobebeka ni vikavu. Viazi vitamu vya kuchoma. Chapati iliyopoa. Karanga za kukaanga na chumvi. Mgebuka mdogo kutoka Kirando au Kasanga, aliyekaangwa mpaka akakauka, si yule wa kulainishwa na nyanya. Yai la kuchemsha likiwa na ganda lake. Ganda lina vitundu, kwa hiyo usilipoze kwenye ndoo ya maji machafu maana litayanywa. Likipasuka, kula wewe. Ndimu kipande, na chumvi kidogo kwenye karatasi.

Na maharage? Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Maharage yenye mchuzi hayasafiri. Ila uyachemshe, uyachuje, uyarudishe kikaangoni na kitunguu, chumvi na maji ya ndimu mpaka yakauke na kutengana punje kwa punje, halafu uyapoze kwenye sinia pana, unapata kitu kingine. Hata hivyo hayana kinga ya karanga au ya ndizi yenye ganda: yaingie kwenye sanduku la safari fupi tu, la Laela au Namanyere, yaliwe mapema. Kilo 1 ya maharage makavu ikichemshwa hupita kilo 2, yaani vipimo vidogo zaidi ya 10. Piga hesabu ya bei unayopewa na dalali kwa kilo hiyohiyo, akija na gunia la lumbesa. Sisemi mkulima wa gunia 30 aziuze zote sandukuni, hilo haliwezekani. Nasema kikundi cha akina mama kinachouza masanduku 40 kwa siku kinahitaji maharage ya punje inayoiva haraka na isiyopasuka, na kinaweza kukuambia mapema ulime aina gani. Wenzetu Kenya, tangu 2006 kwa msaada wa Japani, wamekuwa wakiwafundisha wakulima wa mboga jambo hilo: ulizia soko kwanza, ndipo upande.

Kufungia, tumia mfuko wa kaki au boksi la karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na msisubiri mgambo awakumbushe. Jani la mgomba lililooshwa na kubabuliwa juu ya moto ni zuri pia kwa walio karibu na ziwa. Cheti cha afya cha mpishi kiwepo, mikono ioshwe kwa sabuni, na anayepokea hela asiguse chakula. Haya mnayajua.

Kuna waliosoma nilipotaja darasa hili mwanzoni wakaniambia tuanzishe la kwetu, tuwafundishe watalii wa maporomoko ya Kalambo kusonga ugali wa ulezi. Wazo si baya, Zanzibar watalii wanalipa kupikishwa pilau kwenye ziara za viungo. Lakini watalii wanaofika Kalambo ni wa kuhesabu, na abiria wa mabasi tunao kila alfajiri. Nianze na aliyepo.

Kabla hujauza hata sanduku moja, lijaribu kwako. Pika usiku, poza, funga saa 11 alfajiri, liweke mahali pasipo baridi, karibu na jiko. Usilifungue mpaka saa 5. Kisha tazama kifuniko kwa ndani kama kina matone, nusa, na kama una shaka usionje, mwaga. La kwangu la kwanza nililifunga kwa haraka, viazi vikiwa bado vya moto. Saa 5 mke wangu alifungua, akanusa, akalisogeza upande wangu wa meza bila kusema neno. La pili alikula, akauliza kama yamebaki mengine.