Majina yanafia njiani

Majuzi niliandamana na kikundi cha wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya Kwale, pamoja na walimu wao wawili, katika matembezi ya asubuhi viungani mwa Msambweni. Aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja wa Kidigo, wa umri wa kuwa babu yao. Tulipofika penye njia panda niliwauliza wanafunzi mti uliokuwa mbele yetu unaitwaje. Kimya. Msichana mmoja, ambaye mwalimu wake alikuwa amenisifia kuwa ndiye hodari wa Kiswahili darasani, akajibu kwa adabu: "Huo ni mti tu, mwalimu." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Mzee akautaja mti ule kwa Chidigo, akaeleza gome lake hutumiwaje na kwa nini hautiwi mekoni, kisha akautaja wa pili na wa tatu, mpaka nikapoteza hesabu. Hapo ndipo wanafunzi walipotoa kalamu.

Baada ya kama robo saa njia yetu ilikatizwa na ukuta. Mzee alisimama akautazama. "Nyuma ya hapa pana kisima," alisema. "Mama akiteka maji hapo, nami nikimfuata nyuma." Kisha akaanza kuyataja majina ya mahali palipokuwa upande wa pili wa ukuta, pamoja baada ya pengine, kama mtu anayewataja jamaa zake waliotangulia mbele ya haki. Nikamuuliza, "Baba, wajukuu wenu wanayajua majina haya?" Akanijibu: "Watayajuaje, mwanangu? Jina la mahali hulijua aliyepita."

Mpenzi msomaji, jawabu hilo limenikosesha usingizi. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kwa miaka mingi nimewahubiria wanafunzi wangu kuwa lugha hufa pale wazazi wanapoacha kuwazungumzia watoto wao. Hayo ni kweli. Lakini kumbe lugha hufa pia kwa njia nyingine, tena polepole: hufa pale watoto wanapoacha kutembea. Mtoto wa Kidigo anaweza kumsalimu nyanyake kwa Chidigo safi, akaomba chakula kwa Chidigo, akagombana na ndugu yake kwa Chidigo, na bado asijue jina la mti ulio nyuma ya nyumba yao. Maneno ya nyumbani hurithiwa nyumbani. Maneno ya mwituni, ya mtoni na ya pwani hurithiwa kwa miguu.

Nitoe mfano ulio karibu. Ghuba ya Gazi, kusini mwa Diani, ina aina zote tisa za mikoko zinazomea nchini Kenya. Kwa kijana wa leo zote hizo ni "mikoko", basi. Lakini Kiswahili cha wavuvi na wakata boriti hakikuwa na umaskini huo. Kina mkoko wenyewe, ambao mizizi yake husimama juu ya matope kama miguu ya kaa. Kina mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu kama vidole. Kina mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Hata mti uliokwisha kukatwa ulikuwa na majina yake kwa kadiri ya unene: fito, pau, boriti, nguzo. Huo ulikuwa ujuzi kamili wa mimea, wa ujenzi na wa biashara, uliohifadhiwa ndani ya msamiati. Asiyejua kuwa mchu si mkandaa hawezi kujua kwamba kila mmoja una mahali pake pa kumea, wala hawezi kushangaa ukikatwa.

Hapana budi kuwapongeza wakazi wa Gazi na Makongeni ambao, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, wanalinda hekta 117 za mikoko na kupata fedha kutokana na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Akina mama wa Gazi nao wamejenga daraja la mbao linalompitisha mgeni katikati ya mikoko bila kukanyaga tope. Watalii kutoka ng'ambo hupita juu yake wakielezwa jina la kila mti. Swali langu kwa walimu wenzangu ni hili: je, ni shule ngapi zilizo mwendo wa saa moja kutoka hapo ambazo zimewapeleka wanafunzi wao?

Yamkini kuna sababu ya kihistoria inayotufanya tuyaone matembezi kuwa ni upuuzi. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na kweli, kwa mkulima mwenye shamba la kupalilia, mtu wa kutembea ovyo hakuwa mfano mwema. Wakoloni wakaja wakaongeza sumu yao. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande kila aendako, na aliyekutwa akitembea bila sababu ya kumridhisha mkubwa aliitwa mzururaji. Kwa hiyo tukarithi fikra kwamba kutembea bila shughuli ni jambo la kujieleza. Mzungu akipanda mlima amekwenda kupunga hewa. Mwafrika akipita njia hiyo hiyo, ana lake jambo.

Lakini Kwale yenyewe imetupa funzo kinyume cha hayo. Mwezi Oktoba 2016 Wamakonde wa kaunti hii, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia walionyimwa kwa miongo mingi. Walipokelewa Ikulu, na mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Babu zetu walitakiwa wawe na kipande ndipo watembee. Hawa walitembea ndipo wakapata kitambulisho. Ni nani basi atakayesema kwamba watu wakiandamana njiani kwa pamoja wanapoteza wakati?

Nirudi kwenye ule ukuta. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, inasema kwamba ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa maneno mengine, ufuo wa Diani ni wako na wangu. Lakini mali isiyofikika ni mali ya nani? Mkazi wa pwani ya kusini anajua jinsi vijia vya kuendea baharini vilivyozidi kupungua, hiki kikizibwa kwa lango, kile kikimezwa na kiwanja, mpaka mvuvi analazimika kuzunguka mbali ili aufikie mtumbwi wake. Njia ya miguu haina hati. Hati yake ni nyayo. Zikikoma nyayo kwa miaka michache majani huota, na yakishaota majani ni rahisi mtu kuapa kwamba hapakuwa na njia.

Waingereza, ambao tunawaiga katika mengi yasiyo na maana, wangeweza kutufundisha hili moja. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima wa Kinder Scout bila idhini ya wenye ardhi, wakidai haki ya kutembea. Baadhi yao walifungwa. Lakini vyama vya watembeaji havikunyamaza, na mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria iliyozitaka serikali za mitaa ziandike njia za umma katika ramani. Tangu hapo mwenye kuziba njia iliyoandikwa huko ndiye mwenye kujieleza, si mpita njia.

Najua yatakayosemwa. Mwalimu atasema: silabasi ni ndefu na mtihani hausubiri. Ni kweli. Lakini mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unatutaka tumfundishe mtoto kwa kutenda na kwa kutumia mazingira yake, na umezipa lugha za kiasili nafasi katika madarasa ya chini. Tutamfundishaje mtoto mazingira yake huku tumemfungia ndani ya kuta nne na picha ya mti ubaoni? Asubuhi moja kwa mwezi yaweza kuwa somo la Kiswahili, la sayansi, la jiografia na la historia kwa wakati mmoja. Isitoshe, atakayeandika insha juu ya kitu alichokiona kwa macho yake hatahitaji kukariri methali kumi za kubandika.

Mzazi atasema: kuna nyoka, kuna ndovu, na jua ni kali. Naye ana haki. Sisemi watoto waachiliwe porini kama mbuzi. Katika Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968 na ambayo ndiyo makao pekee ya palahala nchini Kenya, matembezi ya kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick hufanywa pamoja na askari wa wanyamapori, na ndivyo inavyopasa. Katika Kaya Kinondo mgeni huongozwa na mwenyeji, hujifunga kaniki, na hatoki na kitu, hata jani. Mwanafunzi aingiaye humo hujifunza kwanza kwamba ziko sehemu ambazo mtu huingia kwa idhini na kwa heshima. Hilo peke yake ni somo ambalo taifa letu lina njaa nalo.

Wa tatu atasema: elimu ya wazee ina siri zake, na si kila kitu ni cha kuandikwa daftarini. Huyu namuunga mkono kabisa. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka uliofuata mila zinazohusiana na kaya hizo zikawekwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Dharura hiyo haitatulizwa kwa kuwanyang'anya wazee siri zao. Mzee aulizwe, na akisema hili haliandikwi, lisiandikwe. Lakini baina ya siri za kaya na jina la mti wa kivuli pana uwanja mpana sana, na uwanja huo ndio unaoteketea mbele ya macho yetu.

Basi nipendekeze mambo manne. Kwanza, kila shule ya Kwale iwe na chama cha matembezi, au chama cha Kiswahili na kile cha wanyamapori viungane kuifanya kazi hiyo. Vyama vya wanyamapori vilianza mashuleni nchini Kenya mwaka 1968, kwa hiyo si jambo geni. Pili, mzee au mama anayeongoza apewe heshima yake na posho yake, kama anavyolipwa mhadhiri mgeni chuoni. Tumezoea kumlipa mwenye shahada na kumshukuru kwa mdomo mwenye elimu. Tatu, kila chama kiwe na daftari la majina: jina la mti au mahali kwa Chidigo au Kiduruma, kwa Kiswahili, na mahali lilipopatikana. Kamusi ya Chidigo iitwayo Mgombato, iliyochapishwa mwaka 2004, iwe katika kila maktaba, na yale ambayo wanafunzi watayapata nje yake yawe nyongeza. Kamusi itakuambia kwamba mti ni muhi na msitu ni tsaka. Haiwezi kukushika mkono ikakuonyesha.

Nne, serikali ya kaunti iziandike njia za umma, hasa zile za kuendea baharini na visimani, kabla wale wanaozikumbuka hawajatutoka. Vyama vya shule vyaweza kusaidia, kwa maana kijia kinachopitwa na wanafunzi thelathini kila mwezi si rahisi kukanwa.

Siku ile hatukubomoa ukuta, wala sikuwa na nia hiyo. Tuliuzunguka, tukarudi shuleni kwa njia ya barabara kuu huku matatu zikitupigia honi. Lakini yule msichana aliyesema "huo ni mti tu" alikuja kwangu kabla ya kuagana akanionyesha daftari lake. Alikuwa ameandika majina kumi na saba. Saba kati ya hayo yalikuwa majina ya mahali palipo nyuma ya ukuta, ambapo yeye hajapata kupakanyaga. Akaniuliza kama inafaa kuyaandika majina ya pahali ambapo mtu hawezi kufika.

Nilimwambia hayo ndiyo ya kuandikwa kwanza. Walimu wenzangu, tusingoje mpaka mzee yule naye awe nyuma ya ukuta.