Kima punju na uzamivu wetu

Vijana wa Unguja, nafasi za shahada ya uzamivu msiziache zikapita; maswali ya kutafiti tunayo hapa hapa. Pale Jozani kima punju hula majani machanga ya mikungu na miembe, kisha hutafuna vipande vya makaa. Watafiti walieleza miaka ya 1990 kwamba makaa hunasa kemikali za majani zinazotatiza mmeng'enyo. Swali la kwa nini kima hula makaa lilizaliwa mashambani kwetu. Yapo mengine: vinasaba vya kima hao, wasiopatikana porini nje ya Zanzibar, na mikoko ya Ghuba ya Chwaka.

Ombi langu kwa wafadhili wa nafasi hizo: msimamizi mmoja atoke chuo kikuu cha SUZA au SUA, na nakala za takwimu zibaki Zanzibar. Na wazee wa kijiji cha Pete, jirani na Jozani, wasikilizwe tangu utafiti unapopangwa.