Msiziite Kelele, Zinaseni!

Leo naleta hoja ambayo najua wengine wataicheka. Nasema kwamba sauti zilizonaswa, hata kama hamna gitaa wala kinanda ndani yake, zinaweza kuwa muziki. Tena sisi wa Chama cha Kiswahili hapa Kianjokoma tunafaa kuzinasa zetu kabla hazijapotea.

Ubishi huu ulianza nyumbani wakati wa likizo. Binamu yangu anayesoma chuo kikuu alitusimulia kuhusu tamasha alilohudhuria huko. Jukwaani hapakuwa na mwimbaji, ni spika tu. Watu waliketi kimya wakisikiliza mvua, mlango ukifungwa, na sauti ya mtu iliyogeuzwa kinyumenyume. Baba yake akauliza, "Yaani ulilipa nauli kwenda kusikiliza redio mbovu?" Tulicheka sote.

Wengi hudhani mambo haya ni ya Wazungu. La hasha! Mwaka wa 1944 Mwafrika, Halim El-Dabh wa Cairo, aliazima mashine ya kunasa sauti kwa waya, akaenda nayo kwenye sherehe ya zar, ambapo wanawake huimba ili kumponya mgonjwa. Kisha akazigeuza sauti zile studioni mpaka ukabaki mwangwi wa ajabu. Pierre Schaeffer wa Ufaransa alitangaza muziki wake wa sauti za treni mwaka wa 1948, miaka 4 baadaye. Mnamo Mei 9 na 10, 1961, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kiliandaa tamasha la muziki wa kanda, na kazi ya El-Dabh ilikuwamo.

Mtapinga, "Basi hata honi ya matatu ni muziki!" Hapana, honi ni honi. Muziki huanza mtu anapochagua. Mafundi wale walikata mkanda kwa wembe, wakaunganisha vipande, wakapunguza kasi hapa na kurudia pale. Si ndivyo mshairi afanyavyo na maneno ya kila siku?

Hapa Kenya pia wapo. Mwaka wa 2022 Nyokabi Kariũki alitoa peace places: kenyan memories, na kipande kimoja ni matembezi katika shamba la cũcũ wake. Jamani, shamba la cũcũ! Nani kati yetu hana?

Cũcũ wangu alikuwa akiimba akitwanga mahindi kinuni, na mchi ndio uliokuwa ngoma yake. Siku hizi tunapeleka mahindi kwa mashine ya kusaga, na kile kinu kuku wanakitagia mayai. Wimbo anaukumbuka nusu tu. Nikimwuliza nusu ya pili anasema, "Ilienda na mikono." Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti nazo ni mali.

Wenzetu wa shule za mabweni hutucheka sisi wa kutwa kwa kupanda milima kila siku na viatu vya matope. Lakini katika jambo hili sisi ndio matajiri, kwani kila jioni tunarudi kwa wenye sauti hizo. Najua simu haziruhusiwi shuleni, wala sipingi sheria. Naomba mlezi wa chama atukubalie tunase nyumbani kwa simu za wazazi, kwa idhini ya wazee wenyewe: nyimbo za kazi, mvua kwenye mabati, lori la majani chai likipanda kilima. Halafu siku moja muhula ujao tukae darasani, kimya, tusikilize.

Anayeona hizo ni kelele na aniandikie katika toleo lijalo. Ila kwanza akamwulize cũcũ wake anakumbuka wimbo gani, na amsikilize mpaka mwisho.