Baada ya Upasuaji wa Mgongo, Kitanda si Dawa

Miaka kadhaa iliyopita nilimruhusu kurudi nyumbani mbeba mizigo wa Mwigobero, pale Musoma ambapo mitumbwi na boti hushusha shehena kutoka ng'ambo ya ziwa. Diski iliyochomoza kiunoni mwake ilikuwa ikibana mshipa wa fahamu. Tulipoiondoa, maumivu ya mguu yalikoma. Kwenye karatasi yake niliandika maneno manne tu: "Apumzike. Asibebe vitu vizito." Aliporudi baada ya miezi mitatu kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, lakini hakuweza kuinama kuvaa viatu. Alikuwa amenitii. Alilala.

Kosa lilikuwa langu, na bado naliona katika karatasi nyingi za kuruhusu wagonjwa.

Kandokando ya pingili za mgongo ipo misuli mifupi iitwayo maltifidasi, ambayo hushikilia pingili moja juu ya nyingine kila tunapojisogeza. Maumivu huidhoofisha, na upasuaji wenyewe huisukuma kando ili kufikia mfupa. Mwaka 1996 Julie Hides na wenzake huko Australia walionyesha kwamba kwa watu walioumwa kiuno kwa mara ya kwanza, misuli hiyo haikurejea yenyewe hata maumivu yalipokwisha. Ilirejea kwa waliofundishwa kuitumia. Wale hawakuwa wamepasuliwa, lakini sioni sababu ya kudhani aliyepasuliwa atapona kwa urahisi zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yaliona kuwa mazoezi yaliyoanza wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji wa diski ya kiuno yalipunguza maumivu na ulemavu haraka kuliko kukaa bila tiba, wala hayakuonekana kuongeza haja ya kupasuliwa tena. Nakiri kwamba ushahidi huo si imara sana. Ushahidi wa kulala miezi mitatu ni dhaifu zaidi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Kutembea huanza mapema, mara nyingi siku inayofuata upasuaji. Kisha, kwa idhini ya daktari, mgonjwa hulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, huvuta kitovu ndani taratibu na kushikilia kwa sekunde 5 hadi 10 huku akipumua kama kawaida. Baadaye huinua nyonga. Baadaye tena hupiga magoti na mikono chini, akanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Misuli ya nyuma ya paja hunyooshwa akiwa amelala, kanga ikizungushwa nyuma ya paja na goti likinyooshwa polepole. Aliyeunganishwa pingili kwa vyuma husubiri zaidi. Na wale wanaokimbilia kuchuliwa mgongo kwa nguvu juu ya kidonda kibichi, nawasihi waache.

Akipoteza uwezo wa kuzuia haja, akafa ganzi sehemu za siri, mguu ukalegea, akapata homa au kidonda kikatoa usaha, asisubiri kliniki: arudi hospitali siku hiyohiyo.

Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, na nauli ya kwenda mjini kila wiki humshinda mgonjwa ambaye hafanyi kazi. Kwa hiyo naona ni wajibu wetu madaktari kumfundisha ndugu yake mazoezi kitandani kabla ya kuondoka, kuyaandika pamoja na tarehe zake, na kumpigia simu. Mhudumu wa zahanati naye akimwona, asiishie kukagua kidonda. Amwombe aonyeshe zoezi analofanya.

Jambo gumu kuliko yote ni kazi. Mbeba mizigo hulipwa kwa gunia, na hakuna anayemlipa kubeba nusu gunia kwa miezi miwili. Mgonjwa wangu tulianza naye upya, polepole mno. Siku hizi hushika daftari la hesabu mwaloni, na jioni hubeba ndoo ya maji ya nyumbani kwake. Magunia hajayarudia, wala sijamshauri ayarudie.