Ndege Iko Juu Kiasi Gani, na Nani Ajuaye?



Mwezi uliopita tulijiwa na mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Johannesburg, ambaye alikuwa akiifuatilia katika simu ndege iliyomchukua mwanawe kutoka Dar es Salaam. Aliziona tarakimu za kimo zikishuka taratibu hadi futi elfu tano na mia kadhaa, kisha ghafula zikawa sufuri. Moyo ukampasuka. Kumbe mwana alikwishatua salama u salimini, yumo katika foleni ya pasipoti. Hata hivyo swali la mama lilibaki, nalo ni swali la maana: tarakimu zile hutoka wapi, na ni nani azijuaye kwa hakika?

Wengi wetu hudhani kwamba rada huiona ndege pamoja na kimo chake, kama jicho limwonavyo mwewe. La hasha. Rada ya asili, mfano wa zile zilizotumika katika Vita Kuu ya Pili, hutupa wimbi la redio. Wimbi huigonga ndege na kurejea, na kwa marejeo hayo mwongoza ndege hupata habari mbili tu: ndege iko upande gani, na umbali gani. Iwe juu ya mawingu au juu ya minazi, kitone kiwacho kwenye kioo ni kile kile.

Kwa ajili hiyo ikatungwa rada ya namna ya pili, ambayo kazi yake si kutazama bali kuuliza. Hiyo hupiga hodi angani na kuuliza maswali mawili: U nani? Uko kimo gani? Ndani ya ndege mna chombo kiitwacho transponda, nacho huitikia chenyewe pasipo rubani kufumbua kinywa. Kwa swali la kwanza hutaja namba ya tarakimu nne ambayo rubani amepewa na mwongoza ndege. Kwa swali la pili hutaja kimo kwa hatua za futi mia mia. Transponda za siku hizi huweza kukitaja kwa hatua za futi 25.

Nayo transponda imekijuaje kimo? Haikuipima ardhi, imeipima hewa. Ubavuni mwa ndege mna vitundu vidogo vipokeavyo mgandamizo wa hewa ya nje, na kadiri ndege ipandavyo ndivyo mgandamizo huo upunguavyo. Wapishi wetu wa hapa wanalijua jambo hili bila ya darasa, kwani maharage yaliyokuwa yakiiva upesi kule Tanga hapa huchelewa, kwa kuwa maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mji huu umekaa juu. Uwanja wa O. R. Tambo uko futi 5,558, yaani mita 1,694, juu ya usawa wa bahari. Basi futi zile elfu tano alizoziona mama yetu ndicho kimo cha Johannesburg yenyewe. Magurudumu yalipogusa ardhi, transponda iliacha kutaja kimo, na simu ikaandika sufuri.

Lakini hewa haitulii. Leo ni nzito, kesho ni nyepesi, na ya Nairobi si ya Lusaka. Rubani anapokaribia uwanja huzungusha kitufe cha altimita yake ili ifuate hewa ya mahali pale. Transponda haiguswi na kitufe hicho. Ulimwenguni kote huhesabu kutoka kwenye kipimo kimoja kilichokubaliwa, nacho ni hektopaskali 1013.25. Hekima yake ni ile ya kibaba cha sokoni: hata kibaba kikiwa na upungufu kidogo, madhali wauzaji wote wanapimia hicho hicho, mnunuzi atajua nani kampa zaidi. Ndege mbili zikutanazo juu ya Tabora hazina haja kubwa ya kujua ziko futi ngapi kamili kutoka baharini. Haja yao ni kujua tofauti iliyo baina yao. Kwa ndege zilizo chini, karibu na uwanja, kompyuta ya waongozaji ndiyo iongezayo au ipunguzayo kwa hewa ya siku ile. Na haja ya usahihi imezidi, kwani tangu tarehe 25 Septemba 2008, katika anga ya Afrika baina ya futi 29,000 na 41,000, ndege hupishana kwa futi 1,000 tu ambapo zamani zilikuwa 2,000. Hizo ni mita 300 hivi.

Yafaa basi tulielewe jambo ambalo hata wasafiri wazoefu hawalijui: mwongoza ndege si shahidi wa kujitegemea. Asemayo yeye ni yale aliyoambiwa na ndege. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú iliondoka Lima usiku, na vile vitundu vya ubavuni vilikuwa vimezibwa kwa utepe uliosahauliwa baada ya kuisafisha. Marubani, walipoona vipimo vyao vimepotoka, walimwuliza mwongoza ndege kimo chao. Naye akawasomea kwa nia njema futi 9,700. Tarakimu ile ilitoka katika vitundu vile vile vilivyozibwa. Ndege ilikuwa karibu kabisa na maji, ikaanguka baharini, na watu 70 wakafa.

Siku 41 baadaye, tarehe 12 Novemba, ikawa zamu ya India. Ndege ya Saudia ilikuwa ikipanda kutoka Delhi kuelekea Dhahran, imejaa watu waliokwenda kutafuta riziki Ghuba, safari ambayo nyumba nyingi za pwani yetu zinaijua. Ndege ya Kazakhstan ilikuwa ikishuka. Ya Saudia iliamriwa kubaki futi 14,000, ya pili futi 15,000. Rada ya Delhi wakati ule ilikuwa ya namna ya kwanza, haina swali la kimo. Mwongoza ndege alitegemea kauli ya rubani redioni. Ndege ya Kazakhstan ikashuka chini ya kimo ilichoamriwa, wala kioo hakikumwonyesha. Zikagongana juu ya Charkhi Dadri, wakafa wote 349. Baada ya msiba huo India iliamuru ndege zifungwe chombo kinachosikiliza transponda za ndege nyingine na kumwonya rubani moja kwa moja.

Kwetu Tanzania, neno rada liliingia midomoni kwa sababu nyingine. Ile iliyonunuliwa kwa kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28 iliishia mahakamani London mwaka 2010, na kampuni ikalipa pauni milioni 29.5, ile “chenji ya rada” iliyonunua vitabu na madawati. Sisi walimu tulivifurahia vitabu, ijapokuwa tungependa vije kwa njia nyingine. Septemba 2019 Rais John Magufuli alizindua rada mpya za Dar es Salaam na Kilimanjaro, katika mpango wa rada nne uliojumuisha pia Mwanza na Songwe. Kabla ya mpango huo, sehemu kubwa ya anga ya magharibi na kusini iliongozwa kama Delhi ya 1996: kwa sauti ya rubani redioni, na mwongoza ndege akiandika karatasini kile alichoambiwa.